Nesi Aliyepima Homa ya Mashine

Habari za kuzaliwa kwake sizijui sana, na hizo chache ninazozijua si zangu kuzisema. Nilimfahamu akiwa amekwisha kustaafu: mwanamke mwembamba, miwani imefungwa uzi upande mmoja, mwendo wa mtu aliyeitwa wodini. Mtaa wetu hapa Kibondo ulimwita Nesi, basi. Mimi aliniita Karani, kwa kuwa nilikuwa karani wa chama cha ushirika tangu nilipomaliza kidato cha nne mpaka nilipostaafu. Kati ya nyumba zetu kulikuwa na ua wa minyaa uliotobolewa na kuku, na tundu lile tulilipanua wenyewe tukalifanya mlango.

Nilimkosea. Nikaficha, na kuficha kukaharibu kuliko kosa lenyewe. Nalisema mapema ili nisije nikajificha tena nyuma ya sifa zake. Tangu asubuhi nilipokaa kuandika nimeinuka mara nne, nimekwenda mpaka barabarani na kurudi, na sina nilichokwenda kukifanya huko.

Kompyuta yake aliinunua mnadani, shirika moja lililokuwa likihudumia kambi ya wakimbizi lilipofunga ofisi. Watu waligombea magodoro na jenereta. Yeye alitoka na boksi jeusi kichwani, akapita nalo sokoni kama amebeba debe la maji. Kompyuta alikuwa amejifunza kazini, walipomweka chumba cha kumbukumbu za wagonjwa miaka ya mwisho. Nyumbani akaanza kutengeneza video za kwaya. Kwaya za Kibondo, za Kakonko, hata za Kasulu, zilimletea picha zilizopigwa kwa simu na kamera za kukodi, naye akakata, akaunganisha, akaweka maua pembeni.

Shida ilikuwa mwisho wa kazi. Vipande vikishapangwa, kompyuta inabidi ipige upya hesabu ya kila picha ili itoke video moja. Vijana wanaita kurenda. Video ya saa moja iliweza kula saa tisa, na umeme wetu haukuwa na adabu ya kungoja saa tisa. Ukikatika saa ya nane, unaanza upya. Nesi hakuwa mtu wa kuanza upya. Akasoma, akauliza mtandaoni, akagundua kuwa prosesa yake, ile chipu inayopiga hesabu, ilikuwa na herufi moja mwishoni mwa jina lake yenye maana kwamba kiwanda hakikuifunga. Unaweza kuiamuru ikimbie kuliko mwendo iliotoka nao kiwandani.

Alinieleza siku moja nikiwa nimesimama mlangoni na kikombe changu cha chai.

"Karani, hii inapiga kama moyo. Mapigo ndiyo mwendo. Ukiyaongeza, inataka presha zaidi, yaani umeme. Ukiongeza presha, homa inapanda. Homa ikizidi, inazimia. Udaktari wote ndio huo."

"Utaiua."

"Wewe ulikuwa unaandika barua moja kutoka Jumatatu mpaka Alhamisi. Usinifundishe habari za mwendo."

Katika maisha mengine hakuwa na subira hata ya kijiko. Alikula amesimama. Alitoka kanisani kabla ya matangazo. Maharage yake yalikuwa yanalia mdomoni, kwa sababu aliyaepua pale alipochoka yeye, si pale yalipoiva. Nikimwambia, anajibu, "Yatamalizikia tumboni, kuna joto la kutosha." Lakini mwanamke huyohuyo akikaa mbele ya ile mashine alikuwa mtu mwingine. Anaongeza mapigo hatua moja tu. Anaiwashia programu ya majaribio inayoikamua kwa hesabu nzito. Kisha anakaa kutwa, na kila robo saa anaandika homa kwenye daftari la mistari, kwa nukta na mstari unaopanda na kushuka, vilevile kama karatasi inayoning'inia kitandani kwa mgonjwa. Ikipita kutwa bila kuzimia, kesho anaongeza hatua nyingine. Ikizimia, anarudi nyuma moja na hanung'uniki.

Hakuwa na vifaa. Kati ya prosesa na chuma kinachoipoza hupakwa dawa maalumu ya kupitisha joto, na hapa Kibondo haikupatikana. Nesi, ambaye aligombana na mtaa mzima kwa kumeza vidonge bila kipimo, akapaka dawa ya meno. Homa ikashuka vizuri siku sita. Siku ya saba ikakauka ikawa chaki, homa ikapanda, naye akacheka mwenyewe mpaka akavua miwani. "Ningemkuta muuguzi mwanafunzi anafanya hivi ningemfukuza wodini," akasema. Dawa yenyewe ikaja kwa basi kutoka Mwanza baada ya majuma matatu, bomba dogo kama la dawa ya macho.

Ubavu wa boksi aliuacha wazi, akaufunika kipande cha chandarua ili hewa ipite na vumbi jekundu libaki nje. Msimu wa kumbikumbi alifuta chandarua hicho asubuhi na jioni. Boksi lilikaa juu ya matofali mawili karibu na dirisha lisilopigwa jua. Mwezi wa sita na wa saba, baridi yetu ya milimani ilipokaza, aliongeza mapigo. Mwezi wa tisa, jua likichoma kabla ya mvua, aliyapunguza. Kwa hiyo kwaya zilizokuja wakati wa baridi zilihudumiwa upesi, na za mwezi wa tisa zilisubiri.

Mwalimu mmoja wa kwaya hakuelewa jambo hilo.

"Mama, kwaya ya Kakonko uliwapa kwa siku moja. Sisi siku tatu! Tumekukosea nini?"

"Wao walikuja na baridi."

"Tulete baridi?"

"Mkiweza, leteni. Mkishindwa, imbeni nyimbo fupi."

Alikuwa na misemo yake. Niliokuwa nikiuchekea zaidi ni huu: "Mashine haichoki, inakosea." Siku moja nilimwomba anieleze.

"Anayezimia si tatizo," alisema. "Anaanguka, watu wanamwona, wanamsaidia. Mwogope yule aliyesimama, anakujibu hajambo, kumbe anaweweseka. Mashine iliyozidishiwa inaweza isizime kabisa, ikaendelea kufanya kazi huku hesabu zake ni uongo. Inakwambia imemaliza. Ndiyo maana napima."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Sasa nifike nilikokuwa nikikwepa.

Nesi alikuwa na dada yake mkubwa, kijijini upande wa Kasulu. Familia yao ilitoka Burundi kwa miguu, Nesi akiwa mtoto wa mgongoni, na aliyembeba ni huyo dada, naye mwenyewe bado binti mdogo. Safari ile dada hakuwahi kumsimulia. Kila alipoulizwa alisema, "Tulifika, si tulifika?" Wazazi walikwisha kufa, na wengine waliotembea nao hawakujulikana waliko. Kisha dada akaanza kuugua, na bila kuambiwa na mtu akaegemeza simu kwenye kopo la sukari, akajirekodi peke yake akiisimulia safari ile, vipande kumi na kimoja. Akampa mtu wa basi kadi ya kumbukumbu ya simu, na ujumbe: nitengenezee vizuri, tutatazama pamoja.

Nesi aliviingiza kwenye kompyuta katika faili aliloliita Vipande, kadi akaifuta na kuirudisha kwa dada aitumie tena. Yeye hakuvisikiliza. "Amesema pamoja," aliniambia, "basi pamoja." Kazi ya kuvipanga akanipa mimi, karani. Nikavaa spika za masikioni, nikavisikiliza vyote kumi na kimoja, nikaviwekea namba. Kirundi cha dada yake na Kiha changu ni majirani. Sikupitwa na neno.

Ilikuwa mwezi wa tisa. Habari ikaja kwamba dada amelazwa hospitali ya Kabanga na kesho kutwa atafanyiwa upasuaji. Nesi akaiwasha kazi ya kurenda alfajiri, akaniachia daftari, akapanda basi. "Andika homa kila robo saa. Jambo lolote, nipigie."

Saa tano homa ikagonga nyuzi themanini na tano. Nikapiga simu. Nyuma yake nilisikia vyombo vya chuma na watu wakisalimiana, naye alikuwa akizungumza na dada yake, akageukia simu na lugha ileile ikiwa bado mdomoni.

"Isimamishe, Karani. Shusha umuriro. Hatua mbili, usizidi. Halafu iwashe tena."

Akakata.

Umuriro. Kwao neno hilo ni moto, na ni homa ya mgonjwa pia. Siku zote kwangu alikuwa akisema kwa Kiswahili, "tushushe homa", na maana yake ilikuwa moja tu, kupunguza mapigo. Nilikuwa nimemwona akifanya mara nyingi. Lakini kwetu sisi umuriro ni moto wa jikoni, na tangu nguzo zilipofika kijijini ni umeme. Homa tunaisema vingine. Nikaisimamisha kazi, nikafungua ukurasa wa mipangilio anakobadilishia mwendo, nikatafuta mstari wa umeme, ule aliouita presha, nikaushusha hatua mbili. Mapigo sikuyagusa. Nikaiwasha tena.

Ningeweza kumpigia tena nimuulize. Niliona haya. Muha mzima nimuulize maana ya umuriro?

Na homa ilishuka kweli! Sabini na nne, sabini na tatu. Nikachora nukta zangu kwenye daftari kwa fahari. Nilichokuwa nimekifanya ni kumwamuru mtu akimbie mbio zilezile kwa nusu ya chakula. Hakuzimia. Alikimbia akiweweseka, na alasiri akaniambia amemaliza.

Nikatazama dakika za mwanzo. Nzuri. Dada ameketi, kitenge cha kijani, anarekebisha simu. Kompyuta ikaonya kuwa nafasi imejaa. Pale ushirika tulikuwa na utaratibu: nakala safi ikishapigwa mhuri, rasimu zinachomwa. Nikafuta lile faili la Vipande, nikamwaga na kapu la taka la kompyuta. Nikaweka video kwenye flashi, asubuhi nikampa kondakta.

Walitazama pamoja, juu ya kitanda cha hospitali, kwa kompyuta ya kuazima. Dakika tisa. Baada ya hapo picha ilivunjika ikawa vigae vya rangi, na sauti ikawa kama kokoto kwenye sufuria. Nesi alidhani flashi ni mbovu. Akamwambia dada, "Nitaleta nyingine." Dada hakurudi nyumbani kutoka hospitali ile.

Simu yake kuhusu flashi iliponifikia nilielewa, si yote, lakini vya kutosha. Nilikwenda kwenye mashine nikairudisha presha mahali pake, kama mwizi anayerudisha ufunguo chini ya jiwe. Zile siku alizokuwa msibani kwaya zilileta picha zao, nami nikazipokea na kuziingiza, nyingi, nikijipa shughuli.

Alirudi amenyoa nywele. Siku ya pili akaja kupitia tundu la ua.

"Karani, Vipande viko wapi?"

"Sijui, Nesi. Umeme ulikatika ghafla siku ile. Labda viliharibika."

"Ulivisikiliza wakati unavipanga?"

Nilimwangalia usoni. "Nilifuata tarehe tu."

Uongo wa kwanza ulitaka wa pili, na wa pili ndio ulionimaliza. Ningeweza kumpa kila nilichokisikia. Lakini ningeanza kusimulia angeuliza, na maswali yake yalikuwa ya nesi; hayaachi kidonda mpaka yamefika kwenye usaha.

Aliamini kosa ni lake. "Niliipandisha mno," aliniambia. "Nilipima vibaya." Akafungua ule ukurasa akarudisha mapigo kwenye mwendo wa kiwandani, na hakuyagusa tena. Daftari akaacha kuliandika. Maharage yake yakaanza kuiva vizuri, na hilo liliniuma kuliko yote. Anakaa, anangoja, anakoroga.

Miezi michache baadaye binti mmoja alikuja analia, amefuta picha za harusi yake. Nesi akamwambia, "Nyamaza. Kilichofutwa hakifi hapohapo, kinakufa kikiandikwa juu yake kingine. Umeweka kitu baada ya hapo? Hujaweka? Basi vipo." Akazirudisha zote mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikatoka nacho mpaka nje nikasahau kuaga. Siku aliponiuliza Vipande viko wapi, pengine nusu yake ilikuwa bado hai chini ya zile kwaya nilizozimwaga juu yake. Ningesema siku ile. Ningesema hata kesho yake.

Mwaka uliofuata alihamia Kasulu kulea wajukuu wa dada yake. Aliniachia mche wa parachichi na namba ya simu. Namba sikuipiga.

Mwaka huu, mwezi wa nane, nilipanda basi. Sikuwa na sababu nyingine ya kwenda Kasulu, nilipoulizwa na jirani nilisema ninakwenda kutibiwa jino. Nilimkuta barazani saa nne asubuhi, anapepeta mchele, miwani mpya, uzi uleule.

"Karani! Umezeeka mpaka umekuwa mrefu."

"Ni kukonda, Nesi."

"Kaa."

"Sikai. Nikikaa sitasema."

Nikasema nimesimama, mikono nyuma kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Neno umuriro. Presha hatua mbili. Faili nililofuta. Presha niliyoirudisha. Umeme ambao haukukatika.

Alikuwa ameacha kupepeta. Akaniuliza kwa sauti ya kazini, "Mapigo hukuyagusa?"

"Sikuyagusa."

"Hata hatua moja?"

"Hata moja."

"Kwa hiyo vipimo vyangu vilikuwa sawa."

"Vilikuwa sawa, Nesi."

Akaweka ungo chini. Sikujua kama anataka kulia au kunipiga. Nadhani hata yeye hakujua. "Miaka sita," alisema, "nimelala na mkono huu nikiuchukia. Mkono huu! Na wewe ulikuwa unakuja kunywa chai."

"Naomba unisa..."

"Nyamaza. Radhi utaomba ukimaliza. Ulifuata tarehe tu?"

"Hapana. Nilisikiliza vyote."

Aliinuka akaingia ndani kwa ule mwendo wake wa zamani, akatoka na kompyuta ya mapajani, akaifungua juu ya ungo wa mchele na kuwasha kirekodi sauti. Akavuta kigoda kwa mguu.

"Kaa. Anza kipande cha kwanza. Usipambe. Usipokumbuka sema hukumbuki."

Nikakaa. Nilisema kwa muda mrefu, nikirudi nyuma, nikijisahihisha. Yeye aliandika pia kwa mkono. Majina ya watu waliotembea nao yalikuwa saba; nilitoa manne. "Mengine yamenitoka," nilisema. Hakunifariji. "Endelea." Nikasimulia shamba la mihogo walimolala, mvua, mzee aliyewaonyesha njia kisha akageuka kurudi. Mpaka nikafika kwenye kipande cha nane, mtoni.

"Maji yalikuwa yamejaa," nilisema. "Watu wakamwambia dada yako akuache ukingoni, akusitiri kwenye majani, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mdogo na wewe ulikuwa mzito. Akakataa. Walimkasirikia."

Kalamu ilisimama. "Aliwaambia nini?"

"Alisema mgongo wake ulikuwa umeganda kwa baridi isipokuwa pale ulipokuwa umelala wewe. Akawaambia, nikimweka chini nitakufa mimi."

Nesi hakuinua kichwa. Wajukuu wa dada walikuwa wanagombana nyuma ya nyumba, akawaacha wagombane.

"Kwa maneno yake mwenyewe," akasema. "Si Kiswahili chako. Kama alivyosema yeye."

Nikafumba macho nikayatafuta, nikayasema kwa lugha yao, polepole, jinsi yule mwanamke wa kitenge cha kijani alivyoyasema akiitazama simu.

"Rudia."

Nikarudia.

"Tena," akasema Nesi, na akasogeza kigoda chake karibu ili asikie vizuri.